Taa Zilizowaka Mchana Njia ya Butiama

Niliondoka Bweri kwa sababu moja tu: kwenda kumchukua mdogo wangu Masatu hospitalini Bunda na kumfikisha kwake Butiama. Utumbo ulikuwa umejisokota, madaktari wakampasua tumbo, wakaunyoosha, wakamshona, na baada ya siku kumi na mbili wakasema sasa aende akapone nyumbani. Watoto wake wako mbali. Mimi ndiye mkubwa katika nyumba ya baba yetu, basi kazi ikawa yangu.

Mkewe, wifi yangu Nyabise, hakuwahi kukanyaga hospitali siku zote hizo. Hakukataa. Ana presha, na daktari wake alimkataza vitu vitatu: chumvi, mizigo mizito na kushtuka. Chumvi unaweza kuiacha. Mizigo unaweza kuiacha. Kushtuka mtu anaachaje? Alibaki Butiama na simu yake ambayo hushika mtandao akisimama karibu na zizi tu, akisubiri. Kwa hiyo nilikuwa na watu wawili wa kuwalinda, mmoja garini na mwingine nyumbani. Nawaambia mapema, nilimlinda mmoja.

Saa mbili asubuhi tulitoka Bweri. Dereva alikuwa mjukuu wangu Nyangeta, binti wa mwanangu wa tatu, anayefanya kazi ya kupima ardhi huko Mwanza. Alifika jana yake jioni na gari lake jipya. Nasema jipya, lakini wenyewe Wajapani walishalitumia wakalichoka. Ni gari refu, viti vya nyuma vinalala chini vikawa kama kitanda, na ndiyo sababu nililikubali. Mtu mwenye nyuzi tumboni huwezi kumkunja kama kiti cha kanisani.

Sikupenda namna lilivyokuwa likilialia. Ukifungua mlango linalia. Usipofunga mkanda linalia. Nikamwambia Nyangeta, "Gari lako limedekezwa."

"Bibi, linakukumbusha."

"Mimi nimekumbuka mambo yangu miaka sabini bila kupigiwa filimbi."

Akacheka. Ni mtoto mwenye adabu, huwa anacheka bila kujibu.

Tulipokaribia Makutano manyunyu yakaanza. Mimi nilikuwa namtazama Nyangeta mikono, maana sijawahi kupanda gari nisimtazame dereva mikono. Yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Na bado waipa zikapunga, mara moja, zikalala. Mvua ikaongezeka kidogo, zikapunga tena, sasa kwa haraka. Ikapungua, zikapunguza.

"Nani anawasha?"

"Zinajiwasha zenyewe, bibi. Unaona pale juu, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma? Kuna kijicho. Kinaona matone, kinaziambia zianze."

"Na wewe unafanya nini?"

"Naendesha."

Nikakitazama hicho kijicho. Ni kidude cheusi, ukubwa wa kifuniko cha soda, kimebanwa kwenye kioo kama kupe. Marehemu mume wangu aliendeshaga lori la kubeba pamba kutoka vijijini kwenda kuchambuliwa Bunda, na lori lile lilikuwa na waipa moja nzima, ya upande wake. Ya upande wangu ilikufa zamani. Ikinyesha alikuwa akilowesha tumbaku kwenye maji anapaka kioo chote, na matone yalikuwa yakiteleza bila kuganda. Mvua ikizidi tulikuwa tunasimama pembeni mpaka ipite. Tulijua mvua kuliko hicho kijicho. Lakini sikusema hayo. Nikauliza tu, "Na taa je?"

"Taa pia. Likiona giza linawasha, likiona mwanga linazima. Tangu nilinunue sijagusa swichi ya taa hata siku moja."

Alisema kwa fahari, kama mtu anayesema tangu azaliwe hajaugua meno. Nami, niseme kweli, nilivutiwa. Nikawaza kwamba watu wa kisasa wamepumzishwa mambo mengi.

Saa nne na nusu tukafika Bunda, jua linawaka kana kwamba hakujanyesha mahali popote duniani. Nyangeta akaenda wodini kufuatilia karatasi za kutoka. Mimi nikavuka barabara kwenye duka la nguo la mzee mmoja Mwislamu, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, kutafuta shuka zito la kumfunika mgonjwa. Akafunua mabunda yake.

"Upana huo, mama, limebaki jeupe tu."

"Jeupe linachafuka."

"Ndilo lililopo." Akasita, akanitazama usoni. "Mama, ni la mgonjwa, au..."

"La mgonjwa. Mzima, anaongea sana kupita kiasi."

"Alhamdulillah," akasema, akanikunjia.

Niliporudi nikakuta kioja. Mtu mmoja wa kuosha magari pale nje ya hospitali alikuwa amelipandia gari letu kwa kitambaa chenye maji, hajatumwa, anapangusa kioo cha mbele akitarajia ujira. Nyangeta alikuwa amerudi kukaa ndani, gari linanguruma. Kitambaa kilipogusa pale penye kijicho, waipa zikaruka zikamchapa mkono. Jamaa akarukia nyuma, ndoo ikamwagika.

"Dada, gari lako lina wivu!" akapiga kelele. "Halitaki kuguswa na mwanamume mwingine!"

Walinzi wakacheka. Nyangeta akatoka mbio kumwomba radhi, akasema alisahau kuondoa waipa kwenye kujiwasha. Nami nikacheka. Lile jambo lilikuwa limeniambia kitu, lakini nilikuwa nacheka, na mtu anayecheka hasikii.

Masatu akatoka akiwa ameshikwa kwapani na nesi. Amekonda, shingo imekuwa kama ya kuku wa kienyeji. Akalitazama gari, vile viti vilivyolazwa, godoro dogo tulilotandika, mto.

"Dada, umeniletea gari au chumba?"

"Ingia ulale. Na usinichekeshe, nyuzi zitakatika."

"Aliyeshonwa ni mimi, si wewe."

"Basi usijichekeshe mwenyewe."

Tukamlaza chali, kichwa nyuma ya kiti cha dereva, tukamfunika lile shuka jeupe mpaka kifuani. Baadaye alisema baridi, akalivuta mwenyewe hadi kidevuni. Nikajaribu kumpigia Nyabise kumwambia tunatoka. Simu haikupatikana. Nikajua hayuko karibu na zizi. Nikasema tutajaribu tena njiani, na njiani sikujaribu, nilikuwa natazama watu.

Saa nane mchana tukashika njia ya kurudi kaskazini. Upande wa ziwa wingu lilikuwa limesimama kama ukuta, jeusi, na mchana ukawa mzito kama wa jioni. Mvua ilikuwa bado. Nyangeta aliendesha polepole sana kwa ajili ya tumbo la babu yake, na kila penye tuta alikuwa karibu kusimama. Akabonyeza kitufe chekundu chenye pembe tatu, indiketa zote zikaanza kukonyeza pamoja.

"Hazadi," akaniambia. "Ili walio nyuma wajue tunakwenda taratibu, wapite."

Nikaona na kitaa cha kijani kimewaka pale mbele yake, chenye mchoro kama mende wawili wanaokojoa. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni taa kubwa, zimejiwasha kwa sababu ya wingu. Nikasema, aha. Ukiwa ndani ya gari mchana, taa zako huzioni. Unaona hicho kitaa cha kijani tu, na kitaa cha kijani hakina maana yoyote kwa mtu wa umri wangu.

Basi, sikilizeni tuliyoyaona.

Wa kwanza alikuwa mwanamume mwenye baiskeli na gunia la mkaa. Alituona akashuka, akasimama ukingoni, akavua kofia. Mbele kidogo wanawake watatu wakipalilia pamba waliinuka, wakaegemea majembe, wakatulia mpaka tukapita. Nyuma yetu ikaja pikapu, ikatufikia, ikapunguza mwendo, ikabaki hapohapo. Nyangeta akampungia mkono apite. Hakupita. Zikaja bodaboda mbili. Na mnawajua bodaboda wa kwetu, wangeweza kulipita hata gari la zimamoto. Nazo zikajipanga nyuma ya pikapu, taratibu, abiria wamekaa wima.

"Hawa wana nini?" Nyangeta akauliza.

"Wana adabu," nikamjibu. "Wameona mvi."

Kiabakari, pale penye maduka, askari wa barabarani alikuwa amesimamisha malori mawili. Alipotuona akayaonyesha mkono yabaki, akatufungulia njia, akasimama wima, akapiga saluti. Mimi nikamwitikia kwa kuinamisha kichwa. Niliinamisha kidogo, kwa ukubwa.

"Kuna nini huko?" Masatu akauliza kutoka chini ya shuka.

"Watu wanatuheshimu."

"Wanakuheshimu wewe?"

"Gari na mimi."

"Dada, ungejua kwamba ukipanda gari zuri utaheshimiwa, ungeolewa na waziri."

Nyangeta akacheka mpaka usukani ukatikisika. Tulikuwa na furaha, hilo ndilo linaloniuma. Tulikuwa na mtu wetu aliyepona, na njia yote inatusimamia.

Kiabakari tukaacha barabara kuu, tukaingia njia ya Butiama. Pikapu na zile bodaboda zikakata kona pamoja nasi. Hapo nilipaswa kushtuka. Sikushtuka.

Saa kumi kasoro robo tukaingia kwa Masatu. Nyumba yake iko juu kidogo, penye mawe, na ukiwa barazani unaliona gari tangu linapoingia njiani. Nyabise alikuwa barazani anapepeta mtama kwa ungo. Alichokiona yeye ni hiki: gari refu linapanda polepole mchana, taa kubwa zinawaka, indiketa zinakonyeza. Ndani, mtu amelala amefunikwa nyeupe. Mbele nimekaa mimi, ambaye sura yangu haichekagi hata nikifurahi. Na nyuma yetu msafara.

Ungo ukaruka. Akaweka mikono kichwani. "Masatu wee! Masatu umeniacha wee!" Sauti ile ilipasua kijiji. Jirani wa chini akaitikia, na wa ng'ambo akaitikia, na Nyabise akaanguka kwenye mtama wake.

Hapo ndipo nikaelewa yote kwa pamoja. Kwetu gari linalobeba maiti huwasha taa mchana. Kila mtu anajua. Ukikutana nalo unasimama, mwenye kofia anavua, mwenye gari halipiti, na mwenye njia moja nalo hulisindikiza. Baiskeli, pamba, askari, bodaboda, wote walikuwa wakimzika mdogo wangu tangu Bunda, na mimi nilikuwa nikiwaitikia kwa kichwa.

Masatu akajiinua kwa kiwiko. "Nani amekufa?"

"Wewe," nikamwambia, nikashuka mbio, kama miguu yangu inavyoweza kuita mbio.

Tulimnyanyua Nyabise, mimi na yule jirani wa chini, tukamlaza mkekani. Macho yalikuwa wazi lakini hayatazami. Moyo unapiga shingoni naona. Nikamwita, nikamwambia ni mzima, mumeo mzima, yuko garini. Hakusikia. Alikuwa ameshaamini, na ukishaamini msiba huwezi kuzinduka kwa kuambiwa mara moja. Jirani akaleta vidonge vyake na maji. Akameza kama mtoto.

Pale nje mtu wa bodaboda alikuja kofia mkononi. "Poleni sana, mama. Mazishi yatakuwa lini?"

"Muulize mwenyewe."

Akachungulia garini. Masatu akamsalimia. Yule kijana alirudi nyuma hatua tatu, akaanza kucheka, kisha akaona uso wangu akaacha, akawasha pikipiki yake, na wenzake wakamfuata.

Nyangeta alikuwa bado kwenye usukani anahangaika na ile swichi. Alikuwa hajawahi kuizima kwa mkono. Alipoizungusha huku taa zikawa kali zaidi, akaizungusha kule zikapigapiga kama zinaita watu. Machozi yanamtiririka. Na mvua, ile iliyokuwa imetusubiri njia nzima, ikashuka.

Sasa hapo pana jambo la kwetu ambalo msomaji wa mbali inabidi nimweleze. Katika ukoo wetu mtu aliyeliliwa akiwa hai haingii nyumbani kwake hivihivi. Kilio kikishatoka kimemtoa. Kabla hajavuka kizingiti, kilio kinarudishwa. Akiingia nacho, wanasema, kitakaa ndani kikimngoja.

Ndugu yetu Magoti, mtoto wa baba mdogo, anayekaa jirani, alifika na mwavuli. Alitukuta tumeanza kumtoa Masatu garini. Akasimama mlangoni pa nyumba.

"Dada, hapana. Ameliliwa."

"Magoti, ana nyuzi tumboni. Anatetemeka."

"Naona. Lakini mimi sikulia, na sitaki nilie kweli kesho. Tutatuma mtu Buhemba kwa wazee, achinjwe kondoo, kesho asubuhi aingie."

"Na usiku alale wapi?"

Akalitazama gari. "Si lina godoro na mto. Ni chumba tosha."

Sikumchukia. Magoti ni mtu anayeogopa kwa ajili ya wengine, na anampenda Masatu kuliko mtu yeyote. Lakini nilisimama pale kwenye mvua nikaona vitu viwili. Kulia kwangu mke amelala mkekani, hajasadiki. Kushoto kwangu mume amekaa garini, nje ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, shuka jeupe mabegani, anautazama mlango wake kupitia kioo. Na mbele yake zile waipa zinafuta, zinafuta, hakuna aliyeziambia. Zinamfutia mvua ili aone vizuri mahali asiporuhusiwa kuingia.

Ningeweza kuamuru. Mimi ni mkubwa, Magoti angenipisha. Lakini Nyabise angeamka usiku akawaza kwamba kile kilio chake kiko chumbani, na kila Masatu atakapokohoa angekumbuka. Kumwingiza ilikuwa rahisi. Kumwingiza ili mkewe alale usingizi, hiyo ndiyo ilikuwa kazi.

Nikakumbuka nilipokuwa msichana. Palikuwa na mtu wa kwetu aliyekwenda kuchimba dhahabu Buhemba, ikaletwa habari kwamba shimo limemfunika. Akaliliwa. Baada ya siku tatu akatokea kwa miguu, mweupe wa vumbi. Hakuna aliyengoja kondoo. Wanawake waliomlilia walimpokea njiani wakamtukana. Walimtukana tangu mwanzo wa shamba hadi mafigani, mpaka akakaa, akapewa uji. Bibi yangu alinieleza kwamba maiti hatukanwi. Maiti husifiwa. Ukimtukana mtu umemwambia yuko hai, na kilio kinarudi kilikotoka.

Nikamwambia Magoti hivyo.

"Hilo lilikuwa jambo la kina mama," akasema.

"Na kilio kilitolewa na kina nani?"

Mvua inapiga mwavuli wake.

"Wanawake wamekitoa, wanawake watakirudisha. Kondoo tutachinja vilevile kesho, na wewe ndiye utakayekula kupita wote. Sogea."

Akasogea.

Nikaenda mkekani. Nikamshika Nyabise mkono, nikamkalisha, nikamwelekeza uso garini. Akamwona. Akaanza kulia tena, sasa kilio kingine.

"Usilie," nikamwambia. "Mtukane."

"Wifi, siwezi."

"Umeishi naye miaka arobaini, unataka kuniambia huna la kumtukana?"

Akasema kwa sauti ndogo, kama anayesali, "Masatu, wewe ni mvivu."

"Sikusikia," Masatu akajibu kutoka garini.

"Mvivu!" Sauti ikapanda. "Unalala mpaka ng'ombe wanakuja kukuamsha wao! Umeniachia palizi siku kumi na mbili, umekwenda kulala kwenye shuka za watu! Mlafi! Una meno manne na unataka mbavu! Ndiyo maana utumbo ukajifunga, ulichoka na wewe!"

"Endelea," nikamwambia, huku mimi na Nyangeta tunamteremsha Masatu, mkono mmoja mmoja.

Jirani wa chini naye akaingia. "Na lile jembe langu uliloazima, ulitaka kufa nalo?" Wa ng'ambo akaja na lake, hilo siwezi kuliandika. Nyabise sasa alikuwa amesimama, ameshika nguzo ya baraza, shingo imenyooka.

"Na ulinioa kwa uongo! Ulikuja kwa baba yangu na baiskeli, nikasema huyu ana baiskeli, kumbe ya kuazima!"

Masatu alikuwa amefika kizingitini. Akasimama, mkono juu ya tumbo. "Baiskeli niliirudisha," akasema. "Wewe sikukurudisha."

Nyabise akamshika shati kifuani kama anayetaka kumpiga, akamvuta ndani.

Usiku ule tulikunywa uji wa ulezi. Masatu alilala upande wa ukuta. Nyabise hakulala, alikaa kitandani akimsikiliza anavyopumua. Asubuhi tulimpeleka zahanati kupima presha. Mpimaji akatazama kipimo, akapima tena, akatikisa kichwa, akamwongezea vidonge. Kondoo alichinjwa, Magoti alikula vizuri.

Saa saba mchana tukaanza kurudi Bweri, kwa njia ya Makutano. Jua kali. Nyangeta alikuwa amekaa muda mrefu asubuhi na kile kitabu cha gari, akajifunza kila swichi, na sasa taa zimezimwa kwa mkono wake.

"Bibi," akasema njiani, "mimi nilikosa nini? Sikugusa chochote."

"Ndilo kosa lenyewe."

Akakaza macho barabarani. Nikaona nimemchoma, na sikuwa na haki ya kumchoma peke yake. Basi nikamwambia na langu, na sasa nawaambia ninyi.

Kile kijicho kilifanya kazi yake. Kiliona giza, kikawasha. Hakikudanganya, giza lilikuwapo. Lakini taa ya gari haimulikii dereva tu njia, inawaambia watu kitu, na gari halijui linawaambia nini. Nchi nyingine labda taa za mchana ni usalama, na Nyangeta anasema ndivyo, huko zilikotoka watu wanaziwasha siku nzima na hakuna anayelia. Sawa. Lakini gari hilo sasa linapita Kiabakari, na Kiabakari taa za mchana na shuka jeupe ni jeneza. Kulijua hilo haikuwa kazi ya gari. Na haikuwa hata kazi ya Nyangeta, aliyekulia Mwanza mjini. Ilikuwa kazi yangu. Mimi ndiye niliyezaliwa na desturi hii. Nilimwona mwenye mkaa akishuka, niliziona kofia zikivuliwa, nilimwona askari akipiga saluti. Niliona kila kitu nilichohitaji kuona. Nikadhani naheshimiwa mimi.

Mtu akitaka kujua alivyo mpumbavu, asafiri na sifa ambazo hakuziuliza zimetoka wapi.

Masatu amepona. Anakula, anabishana, ameanza kwenda kutazama mtama wake kwa fimbo. Nyabise naye vidonge vimemshusha presha. Lakini mwezi uliopita alinieleza jambo kwa simu, akiwa amesimama karibu na zizi. Alisema akisikia gari linapanda njia yao, la mtu yeyote, anakaa chini kwanza kabla ya kutazama. Hata kama Masatu yuko mbele yake anakula. Akasema anajua ni ujinga, lakini mwili haujui.

Kwa hiyo siku hizi tukienda Butiama, Nyangeta anaegesha gari huku chini barabarani, analizima kabisa. Tunapanda kwa miguu, hata kukiwa na mvua, hata nikiwa na mguu wangu huu mbaya. Na tangu mwanzo wa shamba tunaanza kumwita kwa sauti, Nyabise, Nyabise, mimi nikimsema kwamba chai yake huwa haina majani, Nyangeta akicheka kwa nguvu, mpaka tunaposikia kutoka juu anatujibu kwa matusi.